Kompyuta iliyogoma kuwaka: tangu amri ya 1974 hadi meza ya fundi redio Korogwe

Wadau, leo naomba tuongelee kompyuta isiyowaka. Siongelei ile iliyochoka baada ya kazi ya miaka kumi. Naongelea ile ya kwanza kabisa, ambayo mtu kaiunga mwenyewe nyumbani, kipande kwa kipande, akakaza skrubu ya mwisho, akachomeka plagi ukutani, ndugu wote wamesimama nyuma yake wanangoja, akabonyeza swichi... kimya. Au feni inazunguka vuuu, lakini skrini nyeusi tii.

Kwa kijana wa Handeni au Korogwe miaka ya 2000 kimya kile hakikuwa utani. Duka la vipuri la kutegemea lilikuwa Dar es Salaam, safari ya basi ya kukutoa jasho. Risiti hakuna, garantii ndiyo usiulize. Fedha yenyewe mara nyingi ilikuwa ya mahindi, au ya machungwa, au ya kaka mtu aliyeuza mbuzi wawili. Nimekuwa nikijiuliza: kwa nini sisi kompyuta tulijifunza kwa njia hii, ya kubahatisha vipande vya mtumba juu ya meza ya kulia chakula? Jibu linaanzia mbali kidogo na Korogwe. Linaanzia Wizara ya Fedha.

Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa pale wizarani mwaka 1965, miaka minne tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Ilikuwa ICT 1500. Na hapo ICT sio TEHAMA mnayoijua, ni kifupi cha jina la kampuni ya Uingereza, International Computers and Tabulators, ambayo mwaka 1968 iliunganishwa na nyingine ikawa ICL. Hizo zilikuwa mashine za kujaza chumba. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 kompyuta za nchi nzima zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, karibu zote za serikali na mashirika ya umma.

Kilichotokea ni kwamba kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine ilikwama. Hesabu zikavurugika, fedha nyingi zikapotea, wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno, na ikabidi watu warudi kwenye kalamu na daftari. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini, labda uwe na kibali maalumu. Televisheni nazo zikatiwa kapu hilo hilo, ndiyo maana Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi 1994, wakati wenzetu wa Zanzibar walikuwa wanaangalia picha za rangi tangu miaka ile ya 1970.

Hapa watu huwa wanaicheka serikali ya wakati ule. Mimi sicheki moja kwa moja. Mwaka 1974 ulikuwa mwaka mbaya. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda baada ya vita ya Mashariki ya Kati ya Oktoba 1973, ukame ulikuwa umepiga, mahindi yanaagizwa kutoka nje, na kule Handeni kama kwingineko watu walikuwa wanahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Ukiwa waziri, una dola chache, na mbele yako kuna meli ya nafaka na kuna sanduku la vipuri vya kompyuta ambayo hata hesabu imeshindwa kutoa, utachagua nini? Nafaka, bila shaka.

Lakini kuna kitu ambacho sikubaliani nacho. Kukataa kununua mashine nyingine mpaka hali itengemae ni jambo moja. Kuiona kompyuta yenyewe, kama kompyuta, kuwa ndiyo tatizo ni jambo lingine. Kilichokwama wizarani ni mafunzo na mipango ya kazi, na adhabu ikaipata kila kompyuta. Ni sawa na fundi ambaye redio haitoi sauti, basi anaibeba yote, betri, spika na kasha, anaipeleka jalalani bila kuuliza ni kipi kati ya hivyo kimekufa. Naomba mlishike hilo, maana tutakutana nalo tena Handeni.

Sasa angalieni maajabu ya tarehe. Mwezi Aprili mwaka ule ule wa 1974, Intel ilitoa prosesa iitwayo 8080. Kidude cha kukaa kiganjani. Miezi michache baadaye, kwenye toleo la Januari 1975 la jarida la Marekani la Popular Electronics, ikatangazwa kompyuta iitwayo Altair 8800 iliyojengwa juu ya prosesa hiyo. Iliuzwa ikiwa vipande, kwa chini ya dola 400, mnunuzi analehemu mwenyewe nyumbani. Yaani mwaka tuliofunga mlango ndio mwaka ambao kompyuta iliacha kuwa ya chumba kizima na kuanza safari ya kuja mezani kwa mtu wa kawaida!

Na msidhani wale Wamarekani waliifungua tu ikawaka. Thubutu! Altair haikuja na skrini wala kibodi. Mbele ilikuwa na swichi na taa ndogo nyekundu. Ukiiwasha haifanyi chochote, maana ndani haina programu hata moja ya kuanzia. Ulitakiwa uingize maagizo ya kwanza kwa kupandisha na kushusha swichi, namba moja baada ya nyingine, na umeme ukizimika unaanza upya. Wengi zao ziligoma kabisa kwa sababu ya lehemu mbaya. Machi 1975 baadhi ya hao waungaji wakaanza kukutana katika gereji ya mwenzao huko Menlo Park, California, wakajiita Homebrew Computer Club. Mmoja wao, Steve Dompier, aliweka redio ndogo karibu na Altair yake akagundua kwamba redio inanasa kelele za mashine, akaandika programu ya kuzipanga zile kelele ziwe wimbo. Akawapigia wenzake. Kwa hiyo moja ya sauti za mwanzo za kompyuta ya nyumbani zilitoka kwenye redio. Kumbukeni hii redio.

Katika kipindi hicho hicho Gary Kildall alikuwa anaandika mfumo wake wa CP/M, na ile sehemu ya chini kabisa inayozungumza na vifaa akaipa jina BIOS. Ndiyo bayosi hii hii ambayo vijana wetu walikuja kuiona ikiandika maandishi meupe kwenye skrini nyeusi miaka thelathini baadaye. Kisha tarehe 12 Agosti 1981 IBM ikatoa kompyuta yake binafsi, nayo ilikuwa na tabia moja mpya tamu: ukiiwasha inajikagua yenyewe kwanza. Kila kitu kikiwa sawa inalia pii fupi moja. Kikiharibika kitu kabla skrini haijawaka, inalia kwa mpangilio mwingine. Kampuni nyingine zilipoanza kuiga mashine ya IBM ziliandika bayosi zao, kama Phoenix, AMI na Award, na kila moja ikaja na lugha yake ya milio. Pii ndefu moja na fupi mbili kwa Award ni kadi ya picha. Pii ndefu zinazojirudia bila kukoma ni RAM. Kwa AMI mpangilio ni mwingine kabisa. Jedwali la milio hiyo lilikuwa ndani ya kitabu kilichokuja na madabodi.

Na sisi kitabu hatukukipata. Amri ya 1974 ilianza kulegezwa miaka ya 1980, uchumi ulipofunguliwa wakati wa Mzee Mwinyi, na katika miaka ya 1990 mlango ukawa wazi. Lakini kilichoingia kwa wingi katika miji kama yetu kilikuwa mtumba. Kuna waliopata bahati ya mashine kamili. Katikati ya miaka ya 2000, kwa msaada wa Sweden, kompyuta zilipelekwa katika vyuo vya ualimu vya serikali, na Chuo cha Ualimu Korogwe ni kimoja kati ya vyuo hivyo. Ila kutumia kompyuta ni kitu kimoja, kufungua kasha lake ni kingine. Kijana wa mtaani aliyetaka yake alinunua Kariakoo kasha hapa, madabodi pale, diski kwa mtu mwingine kabisa, akafunga kwenye boksi, akapanda basi mpaka Segera au Korogwe. Kitabu kilibaki London, au Dubai, au kilishatupwa na mwenye mali wa kwanza.

Hapo ndipo kulipokuwa na mtego wa swichi nyekundu. Nyuma ya powa saplai za wakati ule kuna kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120, kwetu ni 230. Kiswichi kikiwa kwenye 115, saketi ya ndani inaongeza volti mara mbili, kwa sababu inaamini imepewa umeme mdogo. Sasa uipe 230 ya TANESCO! Kapasita kubwa mbili za mle ndani zinapata mzigo unaozidi sana uwezo wake, unasikia paa! moshi, harufu, na mchezo umekwisha. Mashine iliyotoka Marekani na kuvuka bahari nzima ilikufa kwa kiswichi cha ukubwa wa kucha. Powa saplai za kisasa nyingi hujirekebisha zenyewe na kiswichi hakipo tena.

Binamu yangu wa Handeni, pale Chanika, aliunga ya kwake mwaka 2007. Kiswichi chekundu alikuwa ameshaonywa, akakiweka vizuri. Madabodi ya Pentium 4, RAM moja, diski ya mtumba, kasha lililopasuka pembeni. Fedha ilikuwa ya mavuno, na nusu yake ilikuwa ya baba yake, yaani mjomba wangu, ambaye alikubali kwa shingo upande. Siku ya kuwasha ikawa kama nilivyowaeleza juu: feni vuuu, skrini nyeusi. Akafungua, akafunga, akafungua tena. Siku tatu. Siku ya nne mjomba akatoa hukumu: iuzwe yote kama chuma chakavu, na hadithi za kompyuta zisisikike tena nyumba hii. Mnaona? 1974 imerudi, safari hii ndani ya familia! Na kama ilivyokuwa kwa serikali, mjomba hakuwa mjinga. Mahindi yalikuwa yake.

Binamu akaomba wiki moja. Akaifunga mashine kwa kanga ya mama yake, akapanda gari la Korogwe, kilomita 65 za vumbi jekundu maana lami ya barabara ile ilikuja miaka ya 2010, akaenda kwa mzee mmoja fundi redio jirani na stendi. Watu wa kompyuta walikuwepo Korogwe, wenye vyumba vya kuchapa barua, lakini walijua kutumia. Huyu mzee alijua kutafuta ugonjwa. Ujanani alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, akifanya kazi karibu na korona, zile mashine kubwa za kuchakata majani, na alisema fundi wa korona anaijua beringi mbovu kwa sikio kabla haijakatika.

Nilimwuliza binamu baadaye mzee alifanya nini kwanza. Akasema alipomwamkia, mzee aliitikia marahaba, akaangalia ile mashine muda mrefu, kisha akamwambia: "Kijana, toa vyote. Tunaanza na vile ambavyo bila hivyo haiwezi hata kulia."

Wakatoa diski. Wakatoa kadi zote. Wakaitoa madabodi yenyewe kwenye kasha wakailaza juu ya boksi kavu la maboksi ya sabuni, kwa sababu kasha ni chuma, na skrubu moja ikigusa pasipotakiwa inazima kila kitu. Zikabaki powa saplai, madabodi, prosesa na feni yake, na RAM. Mzee akauliza spika iko wapi. Haikuwepo, muuzaji hakuiweka. Sasa bila spika utasikiaje pii? Mzee akachomoa kispika kidogo kutoka kwenye redio mbovu, akakilehemu waya mbili, akachomeka kwenye pini zake. Redio tena!

Akagusisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Feni ikazunguka, kimya. Akainama kwenye waya za powa saplai akaanza kuzihesabu moja moja, na karibu na prosesa akaona soketi ndogo ya pini nne iko tupu. Plagi hiyo ya pini nne ilikuja na Pentium 4 mwaka 2000, kwa sababu prosesa zile zilikuwa na njaa ya umeme. Waliozoea mashine za zamani wanaiona plagi kubwa imeingia wanadhani wamemaliza. Bila ile ndogo feni inazunguka lakini prosesa haijala. Akaichomeka. Akagusisha tena.

Piiiii. Piiiii. Piiiii.

Binamu anasema alidhani wameiua. Mzee akacheka, akasema mgonjwa anayelia yuko hai. Mlio mrefu unaojirudia: RAM. Wakaichomoa, meno yake ya shaba yamefubaa, mzee akachukua raba ya mwanafunzi ya kufutia penseli akayasugua taratibu pande zote, akaipuliza, akairudisha mpaka vibanio vikalia ta. Safari ya tatu ikatoka pii moja fupi. Skrini ikaandika. Waliporudisha diski ikalalamika kwamba haina pa kuanzia, kumbe kijampa cha nyuma kilikuwa kimekaa kwenye nafasi ya mtumwa badala ya bwana. Hiyo ndiyo lugha waliyoichagua wenye kompyuta zao, mimi simo. Wakakihamisha.

Tatizo la kwanza lilikuwa la sekunde mbili. La pili la raba ya shilingi mia. La tatu ni kuhamisha kipande cha plastiki. Kwa haya matatu nyumba ilikuwa karibu kuuza mavuno yake kwa bei ya skrepa. Kompyuta isiyowaka ina ubaya huo: kosa moja hufichwa na la mbele yake, na mtu asiyeondoa kimoja kimoja huona ugonjwa mmoja mkubwa usiotibika. Sijui kama wizarani mwaka 1974 kulikuwa na mtu wa kusema "toa vyote, tuanze na vile ambavyo bila hivyo haiwezi kulia". Ningependa kuamini alikuwepo, hakusikilizwa.

Kuna kosa moja lakini ambalo raba haitibu, na lenyewe lina historia yake chafu. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, viwanda vingi vya Asia vilitengeneza kapasita zenye maji mabovu ndani. Zinavimba kichwani kama andazi, zinapasuka, zinatoa uchafu wa kahawia. Dell peke yake mwaka 2005 ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya madabodi zilizokufa hivyo, hasa za OptiPlex GX270. Pentium 4 za kizazi hicho ndizo zilizokuja kujaa kwenye meza za mtumba. Dalili yake inachanganya: asubuhi mashine inagoma, unaiwasha mara sita, ikishapata joto inakubali, watu wanasema ina mapepo. Mafundi redio walizijua kapasita tangu zamani, wakazibadilisha. Ila wengine waliweka za kuchomoa kwenye redio, ambazo hazihimili kasi ya umeme wa madabodi, na baada ya miezi mashine inarudi mezani.

Na kilichobaki ni umeme wenyewe. Kituo cha Hale, cha megawati 21, kipo wilaya hiyo hiyo ya Korogwe juu ya mto Pangani tangu 1964. Mtu angedhani watu wa pale wangekuwa wa mwisho kukosa umeme. Lakini gridi ni moja, na ukame wa 2006 uliposhusha mabwawa nchi nzima, mgawo ulimkuta na jirani wa mitambo. Hata siku zenye umeme, ukiwa mbali mwisho wa laini, jioni kila mtu akiwasha taa na pasi, volti zinashuka. Taa inawaka njano, feni inazunguka kivivu, lakini powa saplai ya kompyuta haitaki ubabaishaji: ikiona umeme hautoshi inakataa kabisa, au inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Kijana anafungua kasha anasugua RAM yenye afya njema.

Binamu naye ilimpata hiyo, wiki mbili baada ya kurudi Handeni, wakati mjomba ameshaanza kuwaonyesha wageni mashine ya mwanawe. Jioni inagoma, usiku wa manane inawaka. Stabilaiza ilikuwa bei ya mbuzi mwingine, na hilo hakuthubutu hata kulitaja. Basi akawa analala mapema, anaamka saa tisa usiku mji umezima taa, anagusa swichi, inalia pii moja fupi. Barua zake zote za kuomba kazi mwaka ule alizichapa kabla ya adhana ya alfajiri.